Mama Waya na Maswali Kumi na Saba

Jina la Mama Waya alipewa kazini, na alilipata kwa jasho. Miaka kumi na minne nyuma, ofisi ya maji ya mji ilimwajiri kuvuta nyaya za mtandao: kupanda ngazi, kutoboa kuta, kutambaa juu ya dari na tochi mdomoni, kisha kushuka na vumbi kichwani kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Wahasibu walimwita hivyo kwa utani, utani ukazoeleka, mwisho hata mkurugenzi akawa anapiga simu na kusema, "Niitieni Mama Waya, hii kompyuta imenuna tena."

Kompyuta hakuzisomea darasani. Alisomea umeme, kozi ya miaka miwili, mengine yote akayaokota huku na huku. Kwa hiyo ofisi ilipoleta mitambo mipya, seva mbili kubwa zinazobeba ndani yake kompyuta nyingine ishirini zisizoshikika kwa mkono, walioifunga ni wataalamu kutoka nje. Walikuja na mabegi yao, wakakaa siku tisa, wakaondoka. Tangu hapo kitu kikiharibika ofisi nzima ilishika tama ikiwasubiri warudi. Wateja walipanga foleni hadi barazani, karani wa mapokezi akirudia "mtandao umelala, mtandao umelala" mpaka sauti inamkauka, na Mama Waya, aliyejua kila waya katika jengo lile, alisimama mbele ya zile seva mikono nyuma kama mgeni.

Hali hiyo ilimkera. Siku moja, baada ya kusubiri wataalamu kwa siku tatu waje wabonyeze kitufe kimoja, alikata shauri kuisomea mitambo ile mwenyewe. Akaanza na mitihani ya ngazi ya chini, akapita. Ya kati, akapita. Ndipo akafika kwenye ule wa juu, ambao hauna kuchagua A wala B. Mtu huketishwa mbele ya skrini, akafunguliwa mitambo halisi iliyo mbali, akapewa maswali kumi na saba na saa tatu na nusu. Jenga hiki. Hamisha kile. Tafuta kwa nini hiki kimekufa, ukifufue. Maneno mazuri hayana alama. Alama ni za kilichofanya kazi.

Mara ya kwanza alianguka.

Matokeo aliyasomea ndani ya chumba cha seva, mahali ambapo feni zinavuma kiasi kwamba mtu akilia hasikiki. Mia mbili sitini na nane. Kupita ni mia tatu. Alifuta uso kwa kitambaa cha kupangusia skrini, akaenda kumwambia mkurugenzi, ambaye alimtazama kwa huruma na kusema ofisi itamruhusu kujaribu mara moja zaidi, miezi mitatu kutoka siku ile, basi.

Nyumbani alimkuta mama mkwe sebuleni, mguu juu ya kigoda. Bibi huyu alikuja kwao kwa wiki mbili, auguze goti lililofanyiwa upasuaji; sasa mwaka na nusu ulikuwa umepita. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kwa miaka thelathini na moja alisimamia mitihani ya taifa katika shule za wilaya nzima. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana mvi, walimwita Mwalimu Kengele, kwa sababu ya kengele ya shaba aliyotembea nayo na ambayo, alipostaafu, hakuirudisha. Yeye na mke wa mwanawe waliishi kwa heshima. Shikamoo asubuhi, pole na kazi jioni, katikati hapo kila mtu na lake.

"Umeanguka," alisema bibi kabla mwenzake hajavua viatu.

"Mama umejuaje?"

"Nyuso za wanaotoka kwenye mtihani nimezitazama miaka mingi kuliko ulivyomtazama mumeo. Kaa. Maswali yalikuwa mangapi?"

"Kumi na saba."

"Uligusa mangapi?"

"Kumi na moja."

"Na lililokula muda?"

Mama Waya alikaa kwenye ukingo wa kochi. "La nne. Nilikaa nalo dakika hamsini na tano. Nilikuwa karibu kulipata, Mama. Karibu kabisa."

"Karibu kabisa," alirudia bibi polepole, kama anayeonja dawa. "Kwa hiyo maswali sita hukuyafungua hata kuyasoma. Mwanangu, kompyuta unaijua. Mtihani ndio huujui."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Siku zote alikuwa "mke wa mwanangu", hata mbele ya wageni.

*

Seva za kujifunzia alizipata ofisini: mbili kuukuu zilizotolewa kwenye orodha ya mali, zikasubiri kutupwa. Aliomba kwa barua, akaruhusiwa kwa barua. Zikawekwa katika chumba cha kupigia pasi, na siku zilipowashwa paka wa jirani alitoka dirishani hakuonekana hadi kesho yake. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuja na bisibisi mkononi akasimama mlangoni.

"Mke wangu, hii ni mashine au ndege inayotaka kuruka?"

"Zinahitaji hewa tu."

"Hewa niachie mimi." Akatoboa ukuta, akafunga feni ya kuvuta joto nje, akazipandisha seva juu ya mpira ili zisitetemeshe sakafu. Kelele ikapungua hadi watu wakaweza kuzungumza bila kugombana.

Mama mkwe akachukua muhtasari wa mtihani, kurasa kumi na mbili zilizochapishwa ofisini, akausoma na miwani yake puani siku nzima. Hakuelewa hata sentensi moja, alisema mwenyewe. Ila alijua kugawanya. Saa tatu na nusu ni dakika mia mbili na kumi. Ukigawanya kwa maswali kumi na saba, kila swali lina dakika kumi na mbili, na sita zinabaki za kupumua. Akakata kadi, akaandika juu ya kila moja kazi moja kutoka kwenye ule muhtasari, kwa mwandiko wa ubaoni, akazichanganya kama karata. Sheria ikawa moja. Kadi inafunuliwa, saa inaanza, dakika ya kumi na mbili kengele inalia na mtu anaondoka kwenye swali hilo, limekwisha au halijakwisha.

Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa shule ya bweni na mume yuko kazini, wanawake wawili walijifungia katika chumba cha pasi. Siku za kazi Mama Waya aliamka alfajiri akafanya kadi tatu kabla ya kuoga. Kengele ikilia saa kumi na moja na nusu, majirani walidhani nyumba ile imefungua shule.

Aliichukia ile kengele. Ililia akiwa katikati ya neno. Ililia akiwa amebakiza mstari mmoja. Wiki ya tatu, Jumamosi, kadi ya hifadhi ya data ilimsumbua, akaona mwanga, akakimbilia kibodi, na kengele ikalia.

"Subiri!"

"Muda."

"Mama, nimeliona! Bado kidogo tu!"

"Ondoka kwenye hilo swali."

"Wewe hujui hata hiki ni nini!" Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Unapiga kengele tu kama... hujui hata ninachofanya hapa!"

Bibi aliiweka kengele mezani taratibu, isitoe mlio, akashika mkongojo wake, akatoka.

Siku mbili nyumba ilikuwa baridi. Mezani hakikusemwa kitu zaidi ya "nisogezee chumvi". Mama Waya alitaka kuomba radhi, kila akifungua mdomo linatoka swali kuhusu chumvi. Mumewe aliwatazama, huyu na huyu, akaweka kijiko chini.

"Mimi kazi yangu ni baridi," alisema, "lakini hii ya humu ndani imenishinda."

Hakuna aliyecheka, ingawa mama yake aliinamisha uso ghafla kwenye bakuli.

Kesho yake alfajiri Mama Waya alimkuta bibi tayari ameketi chumba cha pasi, daftari jipya magotini.

"Mama, nisamehe. Juzi nilivuka mpaka."

"Ulivuka. Lakini ulisema kweli, sijui unachofanya. Nifundishe." Akafungua daftari. "Na kabla hujaanza, nikwambie kitu ambacho mwanangu hakijui, wala marehemu baba yake hakukijua. Mtihani wa kupandishwa daraja la ualimu mimi nilianguka mara mbili. Mara ya kwanza niliandika kurasa sita kwenye swali la kwanza. Sita! Nilikuwa najua, unaelewa? Nilitaka wajue kwamba najua. Wakasema wekeni kalamu chini, nami sijageuza karatasi kuona kuna maswali upande wa pili. Nilirudi nyumbani nikasema matokeo yamechelewa. Yalichelewa miaka miwili." Akakohoa kidogo. "Hakuna aliyekaa na mimi kunionyesha. Sasa, hii mashine pepo..."

"Pepe, Mama. Mashine pepe."

"Afadhali. Nilishaanza kuogopa kulala nazo nyumba moja."

Mama Waya alicheka hadi akashika meza. Kisha akatafuta namna ya kueleza. "Chukua nyumba moja kubwa. Wamo wapangaji kumi. Kila mpangaji ana mlango wake, mita yake, ufunguo wake, na kila mmoja anaamini nyumba yote ni ya kwake peke yake. Nyumba ndiyo hii seva. Wapangaji ndio mashine pepe. Mimi ndiye mwenye kugawa vyumba, maji na umeme, asionewe mtu."

"Nyumba ikitaka kukarabatiwa?"

"Nawahamishia nyumba ya pili wakiwa humo humo wanakunywa chai. Hawajui kwamba wamehama."

"Hata chai haipoi?"

"Haipoi. Lakini nyumba ikianguka ghafla, wanaamka kwenye nyumba ya pili na maji ya chai yanabandikwa upya."

Bibi aliandika yote, akapiga mstari chini ya neno "ghafla". "Na wakati wanaamka, wateja wenu wa maji wanasubiri?"

"Dakika chache."

"Si siku tatu."

"Si siku tatu, Mama."

Tangu asubuhi ile kengele haikuuma tena kama zamani. Bibi alianza kuuliza maswali yenye meno, na Mama Waya akagundua kwamba jambo asiloweza kumweleza mama mkwe, kwa kweli hakuwa analijua. Mara nne alirudi kwenye vitabu kwa sababu ya uso wa bibi kubaki na mikunjo.

Mwezi wa pili mwalimu akaongeza ugumu wa mazoezi. Jumamosi hiyo Mama Waya aliketi akakuta seva moja haionekani na mwenzake. Akaingia kwenye mipangilio. Akapekua swichi pepe, akapekua anwani, akasoma kumbukumbu za makosa mstari kwa mstari, jasho jembamba likimtiririka. Kengele ikalia, akaenda kadi nyingine, akarudi, bado. Bibi alikuwa anafuma fulana, macho yake kwenye uzi, uso mweupe kama karatasi isiyoandikwa.

Mara ya tatu Mama Waya alisimama, akazunguka nyuma ya seva. Waya ulikuwa umechomolewa, umelazwa vizuri pembeni na kufunikwa kitambaa cha pasi.

"Mama!"

"Ehe?"

"Umechomoa waya!"

"Nimesikia wewe ndiye Mama Waya," alisema bibi bila kuacha kufuma. "Nikataka kuona."

Walicheka wote wawili mpaka fundi wa majokofu, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kazini, akaja kuuliza kulikoni, wakashindwa kumweleza. Baada ya hapo, Mama Waya alijifunza kuanza na lililo karibu: je, umeme upo, waya upo, jina limeandikwa sawa? Aliandika maswali hayo matatu kwenye kadi ya kwake mwenyewe, akaibandika juu ya skrini.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye duka la miwani chini. Msimamizi, binti mpole mwenye mafua, alimwomba atoe saa, bangili, kitambaa cha mfukoni, hata karatasi ya pipi. Akamkalisha kwenye kibanda chenye skrini moja, na kamera juu kama jicho la bundi.

Swali la kwanza alilijua. La pili alilijua. La tatu lilikuwa na mtego mdogo, akauruka. La nne, akalisoma: hifadhi ya data tena, mashine haiioni diski yake. Alianza vizuri, akakwama. Kwenye kona ya skrini saa ilikuwa inahesabu. Dakika ya tisa. Ya kumi. Mkono wake ulitaka kubaki pale. Ulikuwa na njaa ya lile jibu. Ya kumi na mbili ilipofika hakukuwa na kengele chumbani, alisikia tu mtambo wa kupoza hewa na kupiga chafya kwa msimamizi. Aliondoka.

La tano, la sita, la saba. Akaanza kuona kwamba maswali ya mbele mengine ni mepesi kuliko ya nyuma, na kwamba mara ya kwanza alikuwa ameyaacha mlangoni bila kuyabishia hodi. Alipofika la kumi na tatu skrini ikaganda. Kipanya hakisogei. Akainua mkono. Msimamizi akaja, akatazama, akapiga simu, akasema "samahani, ni mawasiliano ya kule." Dakika tisa zikaenda na maji. Alifumba macho akajiambia kwamba zile sita za kupumua amezitumia, amekopa tatu, na mtu anaweza kukopa tatu bila kufa.

Maswali mepesi yakamrudishia muda, na ilipobaki dakika ishirini alikuwa ameyapitia yote, matatu yakiwa hayajakamilika. Akarudi la nne. Safari hii hakugusa kitu. Alisoma swali neno kwa neno, kidole kwenye skrini kama mtoto wa darasa la kwanza. Jina la mtandao katika swali lilikuwa na kistari cha katikati. Kwenye mashine, yeye au aliyeutega mtego ule aliweka kistari cha chini. Alama moja. Akaibadilisha. Diski ikatokea.

Mengine mawili yalimshinda, akayaacha. Akatoka, akachukua bangili zake, akashuka ngazi, na kwa muda mrefu alisimama mbele ya lile duka la chini akitazama miwani bila kuiona.

Matokeo yalikuja baada ya siku kumi na moja. Yalimkuta juu ya ngazi kwenye ukumbi wa malipo, akibadilisha swichi iliyokufa, simu ikatetemeka mfukoni. Alisoma. Akasoma tena. Akashuka vipandio viwili, akakaa hapo hapo juu ya ngazi mbele ya foleni nzima na kupiga simu nyumbani.

"Ngapi?" aliuliza bibi, hakuna hata haloo.

"Mia tatu kumi na tisa."

"Kati ya?"

"Mia tano, Mama. Kupita ni mia tatu. Nimepita!"

"Hizo mia na themanini na moja zilizobaki tutazijadili jioni," alisema Mwalimu Kengele, lakini sauti ilimkatika katikati, na kilichofuata ni kupenga kamasi. Karani wa mapokezi, aliyekuwa anasikiliza bila aibu, alipiga vigelegele, na wateja kwenye foleni wakapiga makofi wasijue wanashangilia nini.

Wiki mbili baadaye seva moja ya ofisi ilihitaji kuzimwa ibadilishwe chipu za kumbukumbu. Mkurugenzi aliuliza kama awaite wataalamu. Mama Waya alisema waacheni wapumzike. Akafanya kazi hiyo saa nne asubuhi, ukumbi umejaa, akahamisha mashine moja moja hadi seva ya pili, akazima, akabadilisha, akawasha, akazirudisha. Alipotoka alimuuliza karani kama ameona tofauti yoyote.

"Ndiyo," alisema karani. "Printa imeishiwa karatasi."

Mwisho wa mwezi mama mkwe alirudi kwake. Goti lilishapona siku nyingi, kila mtu alijua. Alikuwa anasubiri mtihani upite tu. Mama Waya alimwomba abaki, na hakuwa anaomba kwa adabu tu. Bibi alisema nyumba isiyo na mtu huota ukungu. Walimsindikiza hadi kituo cha basi, wakapakia mizigo, na alipokwisha kuketi dirishani alimshika mkaza mwana wake mkono, hakuuachia mpaka dereva akawasha gari.

Hazikupita siku kumi akapiga simu. Maktaba ya mtaani kwake ilikuwa na kompyuta nane zilizoletwa na wafadhili, zimefunikwa nailoni mwaka wa tatu, hakuna anayejua kuziunganisha. "Nimewaambia nina binti yangu fundi," alisema. "Nimewaambia anakuja Jumatatu. Usiniaibishe."

Mama Waya aliomba likizo ya siku tano. Jumapili alipakia nyaya, koleo na swichi ndogo kwenye begi, na mumewe akaongeza feni, kwa sababu hajui, alisema, joto la huko likoje.